Chumvi ya Mama Mwiko

Kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni, sufuria haikutoka jikoni bila Mama Mwiko kuionja. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, mimi naosha vyombo. Mdogo wake wa tumbo moja alikata vitunguu, na kazi hiyo dada mtu ndiye aliyemtafutia.

Basi maharage yakaanza kuwa chumvi tupu. Wafanyakazi walisukuma sahani wakauliza kama tumepikia maji ya bahari. Mama Mwiko akionja, anasema haijakolea, anaongeza. Alifika mahali akawa anailamba kiganjani. Alikonda, fizi na vifundo vya vidole vikawa vyeusi, akisimama lazima ashike ukuta. Mdogo wake aliyaona hayo kwa karibu kuliko sisi sote. Angesema tu, "Dada, leo imezidi." Wapi! Alipanda ngazi mpaka kwa meneja, akamwambia kwamba dada yake siku hizi analewa.

Mama Mwiko alipoanguka kando ya jiko tulimkimbiza hospitali. Daktari alieleza kwamba kinga ya mwili, inayotakiwa kupambana na magonjwa, ilikuwa inashambulia tezi zake mwenyewe: zilizo juu ya figo, na ile ya shingoni. Homoni zimepungua, mwili unapoteza chumvi, ndiyo maana anaitamani. Atameza dawa maisha yake yote, lakini kazi ataiweza.

Kila jioni mdogo wake alimlisha uji.

"Pona, dada yangu. Jiko linakungoja."

Mama Mwiko alirudi kazini amechangamka, akachota mchuzi, akaonja.

"Hii chumvi imezidi," akasema, tukacheka kwa furaha. Meneja hakucheka.

"Mama, mpishi mkuu sasa ni mdogo wako. Alituambia hutarudi tena."

Nilitamani kumtupia mtu sufuria. Mama Mwiko alimgeukia mdogo wake, machozi yanamtoka waziwazi.

"Ni kweli ulisema hivyo?"

"Nilidhani hutapona, dada."

"Daktari alisema nitaweza kazi. Ulikuwa umekaa kitandani kwangu, umenishika mkono."

Yule mdogo akainamia vitunguu vyake.

"Mwili wangu umenigeuka, nimeusamehe," Mama Mwiko akasema. "Haukujua kama ni mimi. Wewe ulijua."