Anayefungua Hafungi

Katika karakana ile ya kutengeneza mashine, sheria ilikuwa moja: anayefungua hafungi. Marehemu baba aliwaachia wanawe wawili sheria hiyo pamoja na jiliwa la kubania vyuma na kabati la spana. Mmoja alifungua injini, akaisafisha na kubadilisha vilivyochakaa. Mwenzake alikagua kila kipande ndipo akaifunga. Jicho lililokosea, baba alikuwa akisema, halioni kosa lake. Basi wateja wakawabandika majina: kaka akawa Mkono wa Kwanza, mdogo wake akawa Mkono wa Pili, na majina yao halisi yakabaki kwenye vitambulisho.

Ukata ulipoingia mjini haukupiga hodi. Wajenzi walisimamisha majengo, na mashine ya kukoroga zege isiyofanya kazi haiharibiki. Wenye pampu wakazifunga kwa waya na vipande vya mpira, wakamwachia Mungu. Ndugu wawili wakawa wanashinda wakipangusa spana zilizokuwa safi, mpaka Mkono wa Pili, mwenye watoto wanaosoma, akasema amepata kazi ya kulinda ghala upande wa pili wa mji. Kaka hakumlaumu. Alimuuliza tu kama atarudi.

"Kazi ikirudi, narudi," mdogo wake alisema. "Ila usije ukafunga mashine peke yako, kaka. Mzee atakutokea ndotoni na spana mkononi."

Walicheka wote wawili, kisha mmoja akaondoka.

Mkono wa Kwanza alikuwa mgane, na binti zake walikuwa wameolewa mbali. Upweke wa nyumbani alishauzoea. Wa karakana ndio uliomshinda. Mara kwa mara alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akingoja kuwekewa spana kiganjani, na mkono ukabaki hewani kama wa mtu anayeomba.

Mteja wa kudumu alibaki mmoja, msagishaji wa nafaka waliyemwita Bwana Unga. Siku moja alileta injini yake ya dizeli, imeishiwa nguvu na inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Kwa upole alieleza kwamba kwenye barabara kuu siku hizi wanauza injini mpya za bei ya chini. Amekuja hapa kwa heshima ya mikono yao, lakini keshokutwa asipokuwa anasaga, atanunua mpya. Fundi alielewa. Bwana Unga akienda, hakuna kazi itakayobaki ya kumrudisha mdogo wake.

Aliifungua injini, akaosha vipande, akaivisha pistoni ringi mpya. Kisha akampigia mdogo wake simu. Mkono wa Pili alisema msimamizi hatoi ruhusa mpaka mwisho wa mwezi.

"Funga tu, kaka. Hakuna namna," alisema, kwa sauti ya mtu anayeruhusu mazishi yaendelee bila yeye.

Fundi alishika spana, lakini mikono ikakataa. Hatimaye akatoka nje, akanawa, akaizunguka karakana na kuingia kwa mlango wa nyuma, ambao mdogo wake ndiye aliyezoea kuupita. Akavaa ovaroli ya mdogo wake iliyokuwa ikining'inia msumarini. Ilimbana mabegani.

"Haya, nani kafungua hii?" akauliza.

Akaanza kuokota kipande kimoja kimoja, akikitazama kwa dharau ya kindugu. Alipofika kwenye pistoni akasita. Kila ringi ina mwanya mdogo, na mianya hiyo hutawanywa ili nguvu isivuje. Hapa yote ilikuwa imepangwa mstari mmoja.

"Kaka, kaka," akasema, akitikisa kichwa. "Umezipanga kama watu wanaosubiri basi. Uzee umeshakutumia salamu."

Akacheka. Alipogundua kwamba hakuna mwingine aliyecheka, akakaza midomo, akaitawanya mianya, akaifunga injini yote mpaka nati ya mwisho.

Bwana Unga alipokuja, injini iliwaka kwa mzunguko wa kwanza, ikanguruma bila moshi. Msagishaji aliisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. Alipotaka kuridhika akakumbuka sheria ya karakana.

"Nani kafunga?"

Fundi aliangalia ovaroli msumarini. "Mkono wa Pili."

"Ndiyo maana," alisema Bwana Unga, uso ukimfunguka. "Basi mpya ya nini? Hata ile ndogo ya kukoboa nitaileta. Msalimie sana, mwambie mkono wake haujapotea."

"Zimefika," fundi alijibu, kabla hajajizuia.

Bwana Unga hakusikia vizuri. Alikuwa ameshaanza kuwaelekeza wabebaji wapandishe injini kwenye mkokoteni. Fundi aliwasaidia kusukuma hadi barabarani, akausindikiza kwa macho mpaka ukakata kona. Kisha akarudi ndani kumpigia mdogo wake simu, amwambie kwamba kazi imeanza kurudi. Simu iliita mpaka ikakata.