Nilitibiwa Bila Kuwapo

Mimi hushuku kila kitu. Mayai nayatia majini kabla ya kuyapika, na mtu akinipigia simu akiniita mpendwa mteja, namkatia. Kwa hiyo hospitali yetu ya mjini iliponitaka nifungue akaunti ya mgonjwa kwenye tovuti yao, nilijifanya sikusikia. Nilifungua miezi kadhaa baadaye, kwa sababu daktari wa uzazi alisema lazima asome rekodi zangu kwanza. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetafuta mtoto miaka minne. Sikutaka kumkera daktari huyo.

Nikakaa kitandani nyumbani, mtaani Satellite, Jumamosi asubuhi, nikaandika neno la siri mara tatu ndipo likakubaliwa, rekodi zangu zikafunguka. Malaria, ipo. Jino, lipo. Halafu mstari mmoja wa mwaka juzi: mimba ya wiki tisa, imeharibika, amesafishwa, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Jina langu na namba yangu ya kitambulisho.

Sijawahi kupata mimba hata ya siku tisa.

Nilishuku kompyuta, nikashuku wezi wa mtandaoni, kisha, Mungu anisamehe, nikamshuku mume wangu. Kadi ya bima ilitoka kazini kwake. Labda alimpa mwanamke mwingine. Alikuwa anapiga pasi shati huku akiimba. Hata kuimba kwenyewe nikaona kuna namna.

Jumatatu nikaenda mjini nimefura. Dada wa mapokezi hakushtuka.

"Madam, system haiwezi danganya. Ulikuja na kadi, uka-sign."

"Nionyeshe hiyo sign."

Akanigeuzia skrini. Jina lilikuwa langu, lakini mwandiko niliujua kabla sijamaliza kuusoma, maana aliyemfundisha mwenyewe kushika penseli ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa akiishi kwetu, na watu husema tumefanana kama mapacha. Aliniomba kadi, akasema ana homa. Kwetu ndugu hanyimwi kadi ya hospitali. Nikampa, nikaendelea kukatakata sukuma wiki.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi Dagoretti Corner, anakoshona nguo. Sikumsalimu. Nilimwambia nilichokiona, na kwamba daktari akikisoma ataamini nimewahi kushika mimba, anitibu kwa makosa. Lazima kifutwe, na ili kifutwe lazima nikiri kwamba nilimpa kadi.

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Sawa, siz. Waambie ni mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza kwanza ni ya nani."

Niliona aibu, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo mdomoni saa hiyo hiyo. Nikalimeza. Nikavuta kiti cha wateja nikaketi. Akashona mshono mzima.

"Nilirudi na matatu peke yangu. Jioni ukaniambia nioshe vyombo, nikaosha." Akakata uzi kwa meno. "Sasa wakifuta, itakuwa imeandikwa wapi?"

Nilikumbuka vile vyombo. Nilikuwa nimemgombeza kwamba anaviosha kivivu.

Kesho yake nikarudi hospitalini. Mkubwa wa mapokezi aliitwa, nikaandika barua ya kukiri, nikaonywa kama mtoto wa shule, na nilistahili. Lakini kabla hawajagusa ule mstari, niliwaomba waniprintie. Dada wa mapokezi akanitazama kwa shaka, jinsi mimi ninavyotazama watu.

"Si unataka itoke? Ya nini tena?"

"Printi tu, mami."

Karatasi nilimpelekea mdogo wangu mchana huo. Aliisoma amesimama, mteja akimsubiri na suruali mkononi. Kisha akachukua biki kwenye droo ya cherehani, akalikata jina langu kwa mstari mmoja, taratibu, akaandika lake juu.