Siku Tulipoandika Dira ya Nyumba Yetu

Kazi ya baba ni kusaidia watu kujua wanataka nini. Ndivyo ninavyojibu nikiulizwa shuleni, na kila mara wanacheka, lakini ndivyo ilivyo. Vyama vya ushirika, vikundi vya akina mama, hata kanisa moja la Kagarama, humwita akakae nao kutwa nzima, na jioni wanatoka na karatasi yenye dhamira, dira na maadili yao. Dhamira ni kwa nini mpo. Dira ni mnataka kufika wapi. Maadili ni namna mtakavyokwenda bila kuumizana njiani. Haya maneno ya baba niliyajua kabla sijajua kusoma.

Nyumbani kwetu hatukuwa na karatasi ya namna hiyo. Hapa nchini kila kaya huandika imihigo, zile ahadi za mwaka ambazo familia inazitia saini, na mwaka uliopita sisi tulinakili za jirani kwa sababu ya haraka. Tulinakili vizuri mno, mpaka ahadi ya kujenga banda la sungura, na sungura hatuna. Kiongozi wa mtaa alipokuja kuuliza banda liko wapi, baba alikohoa sana. Kwa hiyo Jumapili moja ya likizo, tulipotoka kanisani, alibandika karatasi kubwa ya semina ukutani juu ya televisheni, akafungua makapeni, ile kalamu yake nene, akasema leo na sisi ni taasisi.

Tulikuwa wanne tu. Mama alikuwa amekaa na sinia la maharage, anachambua. Kaka yangu, aliyemaliza sekondari na anasubiri chuo, alijilaza kwenye kochi. Mimi nilikaa chini karibu na mlango, mahali pangu pa siku zote. Baba amekulia Tanzania na mama amekulia Burundi, basi hata Kiswahili cha nyumbani kwetu ni cha aina mbili, lakini siku ile aliyekuwa akiongea zaidi ni baba.

Tulianza na maadili, na hapo niligundua kitu. Kila mtu alitaja adili ambalo mwenzake hana. Mama alisema kuwahi, huku akimtazama baba, ambaye akipigiwa simu husema ameshafika hapo chini ya mtaa, kumbe bado yuko ofisini anatafuta funguo. Kaka alisema kuheshimu vitu vya watu, akimaanisha chaja yake ambayo mimi huichukua. Baba alisema uchangamfu. Hakumtazama mtu, lakini sote tulijua ananisema mimi.

Mimi nilitaka kusema utulivu. Nililiandaa lile neno vizuri, nikawa nasubiri nafasi, nafasi ikapita.

Baba ana utaratibu wake, na anaufuata popote. Anasoma sentensi kwa sauti, anawageukia watu, anagongagonga makapeni kwenye kiganja chake mara chache. Akisikia kimya, sentensi imepita, anaweka alama ya vema. Anasema bila hivyo watu watalala kwenye semina. Na kweli, watu wanampenda kwa hilo, kwa sababu kwake mikutano inaisha mapema.

Tukaingia kwenye dira. Kiwanja chetu wenyewe upande wa Busanza, na nyumba juu yake: akagonga, ikapita. Kaka aingie chuo: ikapita, kaka akiwa amefumba macho. Kisha baba akaandika polepole, akasoma: kuanzia mwakani binti yetu atasoma shule ya bweni, ili ajifunze kusimama na kusema mbele za watu.

Akanigeukia. Akagonga.

Sijui niwaelezeje watu wanaosema kwa urahisi jinsi ilivyo. Maneno si kwamba hayapo. Yapo, ila yanatoka mbali, na yanapofika mdomoni watu wameshahamia mada nyingine. Nilikuwa na sababu zangu zote. Nilizisikia zikija. Kisha nikaona alama ya vema.

Baba akaendelea hadi mwisho. Karatasi ikajaa, ikapendeza kwa kweli, na akasema sasa tutie saini kama wenye nyumba. Akasaini yeye. Akasaini mama kwa vidole vyenye vumbi la maharage. Kaka akaweka saini kubwa yenye mikia mpaka mama akamwuliza kama anasaini noti za benki. Kisha makapeni ikaletwa kwangu.

Niliishika tu. Nilisimama mbele ya karatasi, na hapo hapakuwa na mtu wa kunipita, kwa sababu wote walikuwa wananisubiri mimi.

Kaka akasema, "Saini bwana, si mahakamani hapa."

"Kuna nini, mama?" baba akauliza. Huniita hivyo akiwa na upole.

"Ile ya bweni sikukubali."

"Mbona niliposoma hukusema?"

"Ulipita haraka."

Nilidhani atakasirika. Badala yake tukamsikia mama, bila kuinua macho kwenye sinia: "Hata mimi, Baba watoto. Hicho kiwanja cha Busanza kilinipita hivyohivyo."

Kaka alicheka mpaka akaanguka kwenye kochi. Baba hakucheka. Alikaa chini, akaisoma tena sentensi yangu, na safari hii mikono yake ilitulia magotini.

Alingoja muda mrefu. Nikamwambia kwamba shuleni ninatumia sauti yangu yote, na jioni narudi nyumbani kujaza nyingine. Bweni hakuna kurudi. Kule unaamka na watu, unakula na watu, unalala na watu, mimi nitanyamaza zaidi. Sikusema kwa ufasaha huu. Nilirudiarudia na kuangalia sakafu, lakini nilifika mwisho.

Baba akasema, "Mimi kule Tanzania nilinyamaza shule nzima, wasisikie lafudhi yangu ya kigeni. Walipopiga picha ya darasa hakuna aliyenitafuta."

Sikuwahi kujua. Nilimtazama mtu huyu anayelipwa kwa kuongea, nikaona kwamba ile sentensi aliiandika kwa hofu, wala hakuwa ananionea.

Nikamwambia mimi wananijua, ila ni wachache.

Akafikiri. Akaniambia niifute mwenyewe niandike yangu. Nikaandika, herufi zikipanda mlima: nitasoma nikitokea nyumbani. Akauliza tutapimaje, kwa sababu ahadi isiyopimika kwake si ahadi. Nikasema muhula ujao nitasoma insha yangu mbele ya darasa, mara moja.

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

Alinitazama kama anayetaka kuongeza bei sokoni, kisha akaweka vema. Najua moyoni hakuridhika kabisa. Mimi pia, tangu saa ile, nilianza kuijutia ile insha. Lakini nilisaini, herufi ndogo, chini kabisa, halafu nikarudi kukaa karibu na mlango, na mama akasukuma sinia pembeni, akasema haya, sasa tuzungumze habari za Busanza.