Moto wa Kutazama

Edith Kalaba alikuwa mtu wa kununua punguzo kwanza, kitu baadaye. Soko la Mokambo, pale mpakani na Zambia, ndilo lililomlea, tangu alipotembeza sabuni kichwani hadi alipojenga nyumba yake Ruashi, pembeni mwa mji, tofali kwa tofali, bila mume wa kumshika mkono. Muuzaji akitaja bei, Edith alicheka. Akiishusha, alijifanya anaondoka. Ndivyo alivyopata mabati, madirisha na mlango wa mbele. Basi alipoamua kubomoa jikoni na kutengeneza upya, hakuona sababu ya kubadili dini.

Alibomoa kwa ajili ya mama yake. Mama Chileshe alikuwa amepikia makala, yaani makaa, maisha yake yote, ameinamia mbabula, lile jiko la makaa, na sasa kifua chake kililia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Daktari hakuzunguka: makala basi, sasa ni gesi au umeme, la sivyo pumzi itamwishia. Mama Chileshe alisikiliza, akakaza kitenge chake, na wakiwa bado mlangoni kwa daktari akamwambia binti yake sharti la bukari, ule ugali wake:

"Edith, ile moto yako ya gazi, kama inaweza bukari yangu, minabaki kwako. Kama haiwezi, minarudia Mokambo kwa mukubwa wako, yaya Nkandu, kwenye mbabula. Sitakula bukari ya kupikiwa na bantu, sawa na mugonjwa."

"Itaweza, Mama."

"Tutaona na macho."

Edith alijua mama yake hana bei ya pili.

Umeme haukujadiliwa, Ruashi umeme ni mgeni, huja anapotaka. Ilibaki gesi. Dukani kwa Djo, mjini, kulikuwa na plaque mbili za gesi, yaani majiko bapa ya kupachikwa kwenye meza ya jikoni. Moja ilikuwa ya chuma, nzito, ina meno manene ya kushikia sufuria, na sura ya mjane. Nyingine ilikuwa ya kioo cheusi, inang'aa hata Edith akakiona kilemba chake ndani yake.

"Ya chuma bei gani?"

"Ile haishuke, Mama Edith. Hata ulie."

"Na hii ya kioo?"

"Hii tunaweza kuzungumuza."

Hapo ndipo alipokosea, ingawa alitoka dukani akijiona mshindi. Mtu wa soko huona utamu katika kitu kinachoshuka bei; kinachosimama humchosha. Walivutana. Djo akaapa kwamba watoto wake watalala njaa, Edith akamjibu kwamba amewaona, na kwa unene ule njaa ya usiku mmoja ni dawa. Wakacheka, wakapatana. Djo akawasha, akabandika sufuria ya maji, yakachemka mara moja. Edith akaridhika. Nani huenda dukani na unga?

Fundi Jeannot alikuja kupachika.

"Mupishi ni nani, Mama? Nipime urefu."

"Unipime miye."

Mama yake alikuwa chumbani amelala, na Edith hakutaka kumwamsha kwa jambo dogo. Jeannot akajenga meza ya zege kwa kimo cha Edith, akabandika vigae vyeupe, akaacha tundu, akaiteremsha plaque ndani. Akaunga mpira wa mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio aone kama gesi inavuja. Haikuvuja. Kazi safi, hakuna wa kumlaumu.

Jumapili, baada ya misa, Mama Chileshe aliingia jikoni. Meza ilimfika kifuani. Bukari yake ilikuwa na njia yake: unga ukishaingia, aliteremsha sufuria chini, akaibana kwa nyayo zilizozungushiwa kitambaa, akaipiga kwa mwiko mpaka jasho limtoke, ndipo akairudisha motoni. Lakini kuteremsha sufuria ya moto kutoka kifuani hadi sakafuni, kwa mikono ile, haikuwezekana.

"Piga humo humo juu, Mama. Minashika."

Mama Chileshe akapanda juu ya kasha tupu la bia. Edith akashika masikio ya sufuria kwa tambara. Mwiko ukashuka, sufuria ikateleza.

"Shika muzuri! Wewe unajua kushika bei tu?"

"Minashika, Mama!"

Pigo lililofuata lilikuwa la bukari hasa, lile la kuvunja mabuje ya unga. Kioo kikalia, ufa ukakimbia ukingo hadi ukingo. Edith akafunga gesi.

Mama Chileshe akashuka kwenye kasha. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Moto yako iko muzuri, mutoto wangu. Iko ya kutazama."

Aliwasha mbabula nyuma ya nyumba, akamalizia bukari huku akikohoa ndani ya moshi. Ilikuwa laini. Edith alikula huku akikisikia kikohozi.

Jioni akajaribu biashara aliyoizoea. "Minaweka ya chuma. Minavunja meza. Minatafuta mutu wa kukusaidia."

"Edith," mama yake alisema, akikunja vitenge, "unapandisha bei, na miye siuzishe kintu."

Asubuhi akapanda gari la Mokambo.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Edith alirudi kwa Djo, akaonyesha ile ya chuma. Djo akataja bei, akangoja kicheko. Hakikuja.

"Mama Edith, uko mugonjwa? Hausemi hata kidogo?"

"Funga, Djo. Niende."

Jeannot akaivunja meza aliyoijenga mwenyewe. Safari hii alijenga chini, kimo cha mtu aliyekaa kigodani, na mbele yake akaacha nafasi ya sufuria. Edith akapiga simu Mokambo. Kati ya neno na neno kulikuwa na kikohozi kirefu cha mama yake. "Kisha mvua, nitakuya."

Mvua ilipokwisha alikuja, dereva akimshika mkono. Akaketi kigodani, akakigusa kile chuma kwa kidole.

"Hii njo yenyewe."

Unga ukaingia. Edith akateremsha sufuria, mama yake akaibana kwa nyayo, akachukua mwiko. Akageuza kidogo, mwiko ukasimama katikati ya unga. Pumzi haikuwepo. Akaunyoosha kwa binti yake bila kumtazama.

"Piga wewe. Miye minabana."

Edith alikuwa ameuza magunia ya unga yasiyo na hesabu. Kuupiga hakuwahi kujifunza. Bukari ikatoka na mabuje.

Mama Chileshe alibaki Ruashi; pumzi ya kurudia mbabula hakuwa nayo tena. Siku ile alikula matonge mawili ya bukari ya kupikiwa, akanawa mikono, akashukuru, kama anavyokula mgeni.