Waya Usiokwenda Popote

Aibu hii ni yangu peke yangu na simsingizii mtu, maana aliyekata waya ni mimi, kwa mkasi wa nyumbani, mchana kweupe, miwani machoni.

Gitaa hilo la umeme lilikuwa la marehemu Deusi, dereva wa lori na mpigaji wa kwaya yetu, aliyefia kwenye mteremko wa kwenda Ilemba siku breki zilipomkatalia. Mwaka ulipokaribia kutimia, mjane wake, Mama Restuta, aliniletea nyumbani kwangu Kizwite nilitengeneze kwa ajili ya kumbukumbu ("lilie mara moja tu, mzee, kisha nalitundika"), kwa kuwa ujanani nilitengeneza redio, na fizikia ya kidato cha nne sikufeli sana. Nikafungua kifuniko, nikapuliza vumbi, nikasafisha vitufe vya sauti vilivyokuwa vikikwaruza, nikachomelea upya palipoachia, kila kitu sawa, isipokuwa waya mmoja mweusi uliotoka kwenye vitufe, ukapita tundu la mbao, ukaishia chini ya chuma kinachoshika nyuzi, ncha iko wazi, haijachomelewa popote. Nikajiambia, huu hauna kazi. Nikaukata, nikauvuta, nikautia mfuko wa shati, na (hapa ndipo ninapoona haya zaidi) nikawatangazia wanakwaya kwamba kiwandani walisahau takataka ndani na mimi nimeiondoa.

Nyumba ya marehemu iko ukingoni kabisa, pale barabara inapoanza kushuka bondeni. Siku ya kumbukumbu ukungu ulipanda tangu asubuhi, mpaka saa sita mchana hatukuona hata banda la mbuzi. Sala ikaisha, gitaa likawekwa kwenye kiti kando ya picha ya Deusi, likaunganishwa na spika. Likaanza kuvuma.

"Fundi, umefuga nyuki humo?" akauliza mwanakwaya mmoja.

"Linasafisha koo," nikamjibu.

Ndani ya ule mvumo ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. "Nimekwama... mteremkoni... nani ananisikia..."

Mama Restuta akainuka, akaweka kiganja juu ya nyuzi, taratibu, kama unavyomgusa mgonjwa. Gitaa lisilo na kasoro ukiligusa hivyo hunyamaza. Hili likazidi kuvuma, na sauti ikawa wazi kuliko mwanzo. "Niko hai. Nileteeni maji."

"Nakusikia," akajibu yeye.

Alfoni, mdogo wa marehemu, akasimama. "Akishika yeye ndipo linaongea. Shemeji, kaka yangu umemweka wapi?"

Wanawake waliokaa naye mkekani wakasogea, mmoja mmoja, mpaka mkeka ukabaki mtupu. Watu wa mbali hututania sana sisi wa Sumbawanga kwa mambo haya ya uchawi, lakini siku ile hapakuwa na wa kucheka.

Mimi nilishajua. Gitaa lisilo na waya wa ethi, ule wa kuzuia mvumo, ni antena, na anayelishika anairefusha. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ya yale majigambo yangu, nikanyamaza mpaka Alfoni akasema, "Atoe funguo za nyumba, atoke."

Hapo nikainuka, nikatoa waya mfukoni (ukatoka na kitambaa cha makamasi). "Huu ndio uliokuwa unalinyamazisha. Nimeukata mimi."

"Mzee, waya unaongea?"

"Hauongei, Alfoni. Huko bondeni simu hazishiki, malori yana redio za upepo, madereva huitana kwazo. Limenasa mojawapo." Nikagusisha ncha moja kwenye chuma cha tundu la kuchomekea waya wa spika, nyingine kwenye nyuzi, na mvumo ukashuka kama umefunikwa blanketi. Sauti ikapotea.

"Kumbe takataka yenyewe ndiyo hiyo," akasema yule mwanakwaya, na watu wakaangua kicheko, nami nikakipokea, maana kilikuwa kinamwokoa mtu.

Mama Restuta hakucheka. "Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, mwanangu."

Akachukua jagi la maji mezani. "Basi ni nani aliyekwama?"

Tulikuwa tumeuliza yote isipokuwa hilo. Tukamfuata ndani ya ukungu, na kwenye kona ya pili tukakuta lori limelalia ukingo, dereva mguu umebanwa chini ya usukani, kipaza sauti bado mkononi. Alikuwa akiita tangu alfajiri. Mama Restuta akamnywesha yeye mwenyewe, na Alfoni akawa wa kwanza kushika nondo ya kupanulia chuma.

Tangu siku hiyo nikifungua kitu cha mtu na kukuta waya nisiojua unakokwenda, mkasi nauweka chini, naenda kuuliza, hata kwa vijana, wacheke wakipenda.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Restuta kuurudisha ule waya. Kabla sijafungua kifuniko aliniomba niwashe gitaa kwanza, akaweka kiganja juu ya nyuzi, tukasikiliza. Likavuma tu, muda mrefu.

"Haya, mzee," akasema. "Funga waya."