Kwani si Wake?

Praxeda alikuwa mke wa Laurenti, karani wa shamba la mkonge karibu na Muheza, na Mungu hakuwajalia mtoto. Mdogo wake, Yudith, alifiwa na mumewe kule Maramba akiwa na binti mchanga, Anjela, akamleta kwa dada yake alelewe. Hapo hakuna la ajabu. Kwao mtoto wa mdogo wako ni wako, na anayeuliza swali huonekana hakufunzwa adabu. Lakini Laurenti, mtu wa sheria na mihuri, hakutosheka mpaka mahakama ya Tanga impe mtoto awe wake kabisa.

Siku ya kesi, mwaka wa hamsini na nne, mkalimani aliwaeleza mume na mke barazani: hakimu akishaamua, Yudith hatakuwa tena na haki yoyote juu ya mtoto. Praxeda alisikia vizuri. Yudith alikuwa mbali kidogo, akimnyonyesha Anjela.

Ndani, mkalimani alimwuliza Yudith kama anakubali mtoto awe wa dada yake. Yudith akacheka. "Kwani si wake?"

Mkalimani akamgeukia hakimu: amekubali. Praxeda akafungua mdomo, kisha akaufumba. Majirani walikuwa wameshaanza kumwita mama Anjela, na utamu wa jina hilo ulimshinda. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wa kimya hiki ulichelewa miaka minne.

Yudith aliolewa tena. Akaja Muheza na kuku, na gauni dogo alilolishona mwenyewe, akasema sasa ana kwake, amekuja kumchukua mwanawe.

"Shemeji, wewe huna mtoto hapa," Laurenti akamwambia. Akamweleza uamuzi wa hakimu polepole, kwa sauti anayowasemeshea vibarua waliochelewa kazini.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yudith aliketi sakafuni, gauni mapajani, akalia bila sauti. Praxeda aliona haya hata kumgusa. Alitamani mdogo wake amtukane, amwite mwizi mbele ya mumewe, maana wizi ndio alioufanya, na mwizi aliyekamatwa angalau hupumua.

Yudith hakumtukana. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Basi, dada. Mkalimani yule hakunifafanulia. Na wewe najua hukuelewa, ungeelewa ungeniambia."

Laurenti aliinamisha kichwa, akasoma vidole vyake. Uani Anjela alikuwa akimfukuza yule kuku na kucheka. Neno moja tu lilihitajika, na Praxeda alilijua.

"Hata mimi sikuelewa, mdogo wangu," akasema.

Yudith akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumlea mtoto vizuri. Kisha akamwomba amsindikize mpaka stendi.