Mguu wa Mzee Prosperi

Bertila ni mzaliwa wa Puge. Alisomea maabara kwa sababu ya mdogo wake Adelina, aliyefariki wiki moja baada ya kujifungua, akiwaka homa. Dawa zilibadilishwa mara tatu. Hakuna aliyejua ni kijidudu gani kilichomuua.

Sasa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika maabara ya hospitali moja mjini Tabora. Mwaka jana alipewa kazi ya ziada, ya utafiti: kuvijaribu vijidudu sugu kwa antibiotiki iliyochanganywa na dawa za zamani za maradhi mengine, kuona kama mbili pamoja zitaweza pale ambapo moja imeshindwa.

Mwezi wa nne aliletwa Mzee Prosperi, mkulima wa tumbaku wa Usoke. Alikuwa amejikata mguu kwa shoka akipasua kuni za bani, pale wanapokaushia majani. Kwa miezi miwili alinunua vidonge dukani, akavimeza maumivu yakizidi na kuviacha yakipungua. Bertila aliotesha usaha wa kidonda kile kwenye kisahani cha maabara. Hakuna antibiotiki iliyovigusa vijidudu vyake. Akavijaribu tena kwa ajili ya utafiti, safari hii kwa antibiotiki pamoja na dawa ya minyoo ya siku nyingi. Kesho yake asubuhi vilikuwa vimekufa kisahani kizima.

Alikipeleka kwa Daktari Mfaume, aliyekuwa akimtibu mzee. Daktari alikitazama kwa muda mrefu. Alimweleza kwamba dawa ile ya minyoo hubaki tumboni, ni kidogo mno inayoingia kwenye damu, na hakuna anayejua dozi kubwa itamfanya nini mgonjwa. Mguu ulikuwa unaoza. Ungekatwa kesho.

Jeska, binti wa mzee, alikuwa mlangoni na aliyasikia yote. Akamfuata Bertila koridoni.

"Dada, dawa mmeiona inafanya kazi. Kwa nini mnamnyima baba?"

Bertila angeweza kumwambia akamuulize daktari. Badala yake aliingia naye wodini, akamwamkia mzee, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumweleza kila kitu. Alisema kisahani si mwili wa mtu. Wakimpa dawa ile watakuwa wanabahatisha, na mdogo wake alikufa watu wakibahatisha.

Mzee akauliza kama vijidudu vyake vitatupwa.

"Ukiruhusu, tutavitunza tuendelee kuvipima."

"Vitunzeni," alisema. "Mguu naupoteza. Hivyo visipotee bure."

Mguu ulikatwa chini ya goti, na siku ya tatu homa ikashuka. Jeska hakumsemesha tena Bertila mpaka walipoondoka.

Utafiti sasa umefika kwenye panya. Mzee Prosperi huja kliniki kwa magongo, na kila akija hupitia dirisha la maabara kuuliza wamefika wapi. Bertila hamfichi. Mara ya mwisho alimwambia kwamba panya wengine wamepona na wengine wamekufa, na bado hawajajua sababu. Mzee akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaenda kusubiri basi la Usoke.